Vifaranga: Wiki za Kununua Chakula na Wiki za Kuchanganya Nyumbani

Hotuba ya afisa wa mifugo kwa vikundi vya wafugaji wa kuku, Kaunti ya Kilifi. Tunaichapisha hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

  

Swali ambalo sisi wa ofisi ya mifugo tunaulizwa kuliko yote ni hili: "Afisa, chakula cha dukani kimepanda bei. Je, naweza kulea vifaranga kwa chakula ninachojichanganyia mwenyewe?" Jibu langu ni ndiyo, lakini si kwa kila wiki ya maisha ya kuku. Kama pesa ni chache, na kwa wengi wetu ni chache, zitumie kununua chakula kizuri cha vifaranga wiki 8 za kwanza. Baada ya hapo ndipo uanze kuchanganya cha kwako. Wengi wetu hufanya kinyume. Tunabana kifaranga akiwa mdogo, halafu tunaanza kununua magunia kuku wakishakuwa wakubwa, tukitumaini watafidia. Huwa hawafidii.

Nazungumzia hasa kuku wa kienyeji, kuku wa kienyeji walioboreshwa kama wale wa KALRO, na kuku wa mayai. Kuku wa nyama wanaochinjwa wakiwa na wiki 5 au 6 wana hesabu yao nyingine. Hao wamezaliwa kukua mbio, na chakula kilichopungua hata kidogo kinakula faida yote. Anayewafuga, namshauri asichanganye nyumbani kwa kukisia.

Kifaranga hula kidogo sana

Tuanze na kiasi anachokula. Kifaranga wa wiki ya kwanza hula gramu 10 hadi 12 kwa siku, ambayo haijai hata konzi ya mtoto. Wiki ya nne hufika kama gramu 30 kwa siku, na wiki ya nane kama gramu 50. Ukijumlisha siku zote hizo, kifaranga mmoja hula karibu gramu 600 katika wiki 4 za kwanza, na kilo 1.8 hivi mpaka amalize wiki 8.

Sasa tazama kuanzia wiki ya 9 mpaka ya 20, anapokaribia kutaga. Hapo kuku hula wastani wa gramu 70 kwa siku, yaani kama kilo 6 kwa kipindi hicho. Kwa hiyo, katika chakula chote anachokula mpaka kuanza kutaga, wiki 8 za mwanzo huchukua karibu robo tu. Robo tatu iko mbele.

Na katika robo hiyo ndogo ndipo mifupa inapojengwa, ndipo manyoya yanapoota, na ndipo mwili unapojifunza kupambana na magonjwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kuku naye mjenge angali kifaranga. Aliyedumaa akiwa na mwezi mmoja, hata umpe gunia zima baadaye, atachelewa kutaga na atataga mayai madogo.

Mahindi na pumba peke yake havitoshi

Kifaranga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20. Hicho ndicho kinachoijenga nyama yake na manyoya yake. Mahindi yana protini ya asilimia 8 hivi. Pumba za mahindi zina kama asilimia 10. Kwa hiyo anayewapa vifaranga mahindi yaliyoparazwa na pumba peke yake, anawapa nusu ya wanachohitaji. Watashiba, kidari utakiona kimejaa, lakini hawatakua. Ndio maana mtu husema, "Vifaranga wangu wanakula sana, mbona wako vile vile?" Wanatafuta protini ambayo haimo.

Pia protini si kitu kimoja. Ni kama nyumba inayohitaji matofali, saruji na mbao. Ukizidisha matofali, hayawezi kufanya kazi ya mbao. Mahindi, mashudu ya alizeti na mashudu ya nazi yamepungukiwa na kitu kile kile kimoja ambacho kifaranga anakihitaji sana. Samaki na soya ndio wanaokijazia. Kwa hivyo mchanganyiko wa vifaranga usio na samaki wala soya haukamiliki, hata kama hesabu ya protini kwenye karatasi imefika 20.

Kisha kuna vitamini na madini. Ukiona kifaranga anatembea kwa visigino huku vidole vimekunjika kwa ndani kama ngumi, huenda amekosa vitamini B2. Ukiona miguu laini inayopinda, mifupa imekosa kalisi, fosforasi au vitamini D. Vitu hivi huwekwa kwa gramu chache katika gunia zima, na si rahisi kuvisambaza sawasawa kwa kuchanganya na koleo sakafuni. Kwa kuku wa miezi 3 anayezurura nje akila majani na wadudu, kosa dogo hapo husameheka. Kwa kifaranga wa wiki 2 aliyefungiwa ndani, halisameheki.

Hesabu ya wiki 8

Tuchukue mfugaji mwenye vifaranga 50. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Ukifika nyumbani weka bei za duka lako.

Vifaranga 50, kila mmoja akila kilo 1.8, watakula kilo 90 kwa wiki 8. Tuseme chakula kilichoandikwa Chick Mash ni Sh70 kwa kilo. Hiyo ni Sh6,300. Tuseme wewe unaweza kuchanganya cha kwako, chenye samaki na soya ya kutosha, kwa Sh60 kwa kilo. Umeokoa Sh10 kwa kilo, yaani Sh900 kwa wiki zote 8.

Kifaranga wa siku moja tuseme umemnunua Sh100. Wakifa 9 zaidi kwa sababu ya chakula kisichokamilika, ile Sh900 imekwenda yote. Na hapo sijahesabu wale watakaobaki wamedumaa, ambao utawalisha wiki kadhaa za ziada kabla ya kuuza. Hatari ni kubwa na akiba ni ndogo. Ndiyo maana nasema wiki hizi nunua.

Na kama huwezi kununua kwa wiki zote 8, basi nunua kwa wiki 4. Kwa vifaranga 50 ni kilo 30 tu. Kuanzia wiki ya 5 ongeza mchanganyiko wako kidogo kidogo juu ya kile cha dukani, lakini usiuache uwe wa mahindi matupu.

Baada ya wiki 8: mchanganyiko wa nyumbani

Sasa tuje kwenye robo tatu iliyobaki, ambako akiba ipo kweli. Kuku anayekua, wa wiki 9 hadi 20, anahitaji protini ya asilimia 15 hivi. Huu hapa ni mchanganyiko wa kilo 50. Mwenye kalamu aandike:

Mahindi yaliyoparazwa, kilo 24.
Pumba za mahindi, kilo 8.
Pumba za ngano, kilo 6.
Mashudu ya alizeti, kilo 7.
Unga wa omena, kilo 4.
Chokaa ya mifugo, nusu kilo.
Madini ya DCP, robo kilo.
Chumvi, gramu 125.
Vitamini za kuku, yaani premiksi, gramu 125, au kadiri pakiti inavyoelekeza.

Namna ya kuhakiki protini ni rahisi, na kila mtu aliyepita darasa la nne anaiweza. Zidisha kilo za kila kitu kwa asilimia yake ya protini, gawanya kwa 100, kisha jumlisha. Mahindi kilo 24 kwa asilimia 8 ni kilo 1.92. Pumba za mahindi kilo 8 kwa asilimia 10 ni 0.8. Pumba za ngano kilo 6 kwa asilimia 15 ni 0.9. Mashudu ya alizeti kilo 7 kwa asilimia 28 ni 1.96. Omena kilo 4 kwa asilimia 50 ni 2. Jumla ni kilo 7.58 za protini ndani ya kilo 50, ambayo ni asilimia 15. Ukibadilisha kitu kimoja, rudia hesabu hii kabla ya kwenda kununua.

Namna ya kuchanganya: vile vidogo vyote, yaani chumvi, premiksi, DCP na chokaa, vichanganye kwanza na kilo 2 za pumba kwenye beseni. Kisha mwaga hiyo juu ya rundo kubwa na ugeuze kwa koleo mara 4 au 5 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukimwaga chumvi moja kwa moja kwenye rundo, kuku mmoja atakula yote na wengine watakosa. Chumvi nyingi huua kuku.

Chokaa iwe ya mifugo kutoka agroveti. Ile ya kupaka nyumba usiiguse.

Je, inaokoa kiasi gani?

Hapa naomba tusidanganyane. Tuseme kwa bei za mfano mahindi ni Sh45 kwa kilo, pumba za mahindi na za ngano Sh30, mashudu ya alizeti Sh45, omena Sh150, na vile vidogo vyote pamoja Sh120. Ukiongeza Sh100 ya kusagisha na nauli, kilo 50 zitakugharimu Sh2,635. Kama gunia la Growers Mash la kilo 50 ni Sh2,900, umeokoa Sh265. Hiyo ni Sh5 tu kwa kilo, na jasho lako juu yake.

Maana yake ni kwamba, anayenunua kila kitu rejareja ili achanganye nyumbani, faida yake ni ndogo. Kiwanda hununua mahindi kwa lori, nawe unanunua kwa debe. Huwezi kumshinda hapo.

Unamshinda kwa vitu viwili. Cha kwanza ni mavuno yako mwenyewe. Mahindi ya shambani si ya bure, maana ungeweza kuyauza, basi yahesabu kwa bei ambayo ungeuzia msimu wa mavuno. Tuseme ni Sh30. Hapo kilo 50 zitakugharimu Sh2,275, na unaokoa Sh625 kwa gunia. Kuku 50 watakula kilo 300 kutoka wiki ya 9 hadi ya 20, yaani magunia 6. Hiyo ni akiba ya Sh3,750. Hiyo sasa ni karo, au ni vifaranga 37 wa awamu inayofuata.

Cha pili ni kununua pamoja. Kikundi cha watu 15 kinaweza kuchukua gunia zima la omena na magunia ya mashudu kwa bei ya jumla, kikagawana kwa mizani. Ndio maana tunapenda kuwakuta mkiwa kwenye vikundi kama hivi.

Kama huna mahindi yako na huna kikundi, nunua chakula cha kiwanda na utumie muda wako kwa kazi nyingine. Si aibu.

Vitu vya hapa kwetu

Kilifi tuna vitu ambavyo bara hawana, na kila kimoja kina namna yake.

Dagaa wa baharini. Hawa ni chanzo kizuri cha protini, lakini wengi huku Pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Ukitumia dagaa wa chumvi, usiongeze chumvi nyingine kwenye mchanganyiko. Wakiwa na chumvi nyingi ya kuonekana, waache. Omena pia mara nyingi huja na mchanga na makombe. Chukua konzi moja uitie kwenye gilasi ya maji na ukoroge. Mchanga utatuama chini, nawe utajua unanunua samaki au unanunua ufuo.

Machicha ya nazi. Haya tunayo kila jikoni. Yana mafuta na nyuzi nyingi lakini protini yake ni ndogo, na yakilala yakiwa mabichi huchacha. Yaanike siku hiyo hiyo mpaka yakauke. Mpe kuku mkubwa kama nyongeza. Kifaranga hawezi kusaga nyuzi zile.

Mashudu ya nazi kutoka kwa wakamuaji wa mafuta yana protini ya asilimia 20 hivi. Yatie kwa kuku aliyepita wiki 8, yasizidi kilo 5 katika kila kilo 50, na lazima samaki wawemo. Nazi iliyokaushwa vibaya huota ukungu upesi, kwa hivyo yanuse kabla ya kulipa.

Mhogo. Unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mahindi kwa kuku wakubwa. Uumenye, ukate vipande vyembamba, uanike mpaka uvunjike kwa mkono, kisha usage. Mhogo mbichi, hasa ule mchungu, una sumu. Na kumbuka mhogo una protini ya asilimia 2 au 3 tu. Kila kilo ya mahindi unayoibadilisha kwa mhogo, itakubidi uongeze samaki au kunde.

Kunde na pojo. Zina protini ya asilimia 23 au 24, karibu mara 3 ya mahindi. Zile zilizovunjika, ambazo soko halizitaki, ni mali kwa kuku. Zikaange kwanza kisha uzisage. Soya ndiyo kabisa usiitumie mbichi. Ina kitu kinachozuia tumbo la kuku kutumia protini, na hicho huondolewa kwa moto tu.

Majani. Mlonge, mchicha, sukuma wiki na majani ya kunde hutoa vitamini. Yakate madogo. Mlonge ukauke kivulini, upondwe, unyunyizwe juu ya chakula.

Ukungu

Jambo hili nalitenga peke yake kwa sababu ni la uhai. Katika mwaka wa 2004, nchini kwetu watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, wengi wao Makueni na Kitui. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na mashudu yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Joto na unyevunyevu wa Pwani ndio hali inayoupenda ukungu huo.

Kuna desturi ya kusema, "Haya mahindi yameoza, hayafai kwa watu, wapeni kuku." Tuiache. Kifaranga huumia kwa sumu hii kuliko kuku mkubwa. Ini lake huharibika, hakui, na chanjo unayompa haifanyi kazi vizuri. Kuichemsha au kuikaanga hakuiondoi sumu. Na kuku huyo utamla wewe na watoto wako, pamoja na mayai yake. Mahindi yenye ukungu yatupwe.

Kinga ni kukausha mahindi mpaka unyevu ufike asilimia 13.5 au chini yake, kuyaweka kwenye magunia juu ya mbao na mbali na ukuta, na kuchanganya chakula cha kutosha wiki 2 au 3 tu kwa wakati mmoja. Usichanganye cha miezi 3 ukakiacha stoo.

Kununua kwa macho mawili

Nimesema nunueni, lakini si kila gunia ni zuri. Angalia gunia limeshonwa kiwandani wala halikushonwa upya kwa mkono. Angalia alama ya ubora ya KEBS na tarehe ya kutengenezwa. Vitamini hupotea kadiri chakula kinavyokaa, hivyo chukua cha karibuni zaidi. Pima gunia kwenye mizani kama ipo. Likifunguliwa, chakula kisiwe na madonge, kisinuke uvundo, kisiwe na wadudu.

Wengi hununua kilo mbili mbili za kupimiwa. Si vibaya, pesa ndiyo hiyo. Lakini omba upimiwe kutoka gunia ambalo lebo yake unaiona, na lisiwe limekaa wazi mlangoni wiki nzima.

Weka risiti. Weka pia kikombe kimoja cha chakula hicho kwenye mfuko uliofungwa mpaka umalize gunia. Vifaranga wakianza kudumaa au kufa, leta vyote viwili ofisi ya mifugo ya wadi yako. Bila risiti na bila sampuli, sisi hatuna la kushika.

Na jambo moja ambalo huua vifaranga kimya kimya: Layers Mash si chakula cha vifaranga. Kina kalisi nyingi ya kutengeneza ganda la yai. Kifaranga akila kila siku, figo zake huharibika. Kama una kuku wa mayai na vifaranga pamoja, watenge vyombo vyao.

Kwa mwenye kuku mmoja aliyeangua

Najua wengi hapa hawana vifaranga 50. Wana kuku mmoja aliyeangua 10, na baada ya mwezi wamebaki 3. Wengine wamechukuliwa na mwewe na kicheche, lakini wengine wamekufa kwa njaa, maana mama yao ndiye anayekula kilichomwagwa.

Vifaranga 10 kwa wiki 4 watakula kilo 6 za Chick Mash. Kwa bei yetu ya mfano ni Sh420. Ukiuza jogoo mmoja, zimerudi na chenji imebaki. Tengeneza tundu la fito ambalo nafasi zake kifaranga anapita lakini mama yake hapiti. Weka chakula na maji humo ndani. Mama mpe mahindi na machicha nje.

Tumieni pia njia ya wazee ya kutega mchwa. Jaza chungu kikuukuu samadi yenye unyevu na mabua ya mahindi, kifudikize juu ya njia ya mchwa jioni, kifunue asubuhi. Mchwa ni protini ya bure, na vifaranga huipenda sana.

Usimwage kile ulichonunua

Akiba ya mwisho haihitaji hata senti. Chombo cha chakula kikijazwa mpaka juu, kuku huparura na kumwaga. Kijaze theluthi moja tu, mara nyingi kwa siku. Kila wiki kiinue kiwe sawa na mgongo wa kuku. Ziba mashimo ya panya. Chakula kilicholoana na maji kiondoe siku hiyo hiyo.

Unapohama kutoka chakula cha dukani kwenda chako, chukua wiki nzima. Siku 2 za kwanza robo iwe yako, siku 2 zinazofuata nusu, siku 2 tena robo tatu, kisha chote. Ukibadilisha ghafla, kuku watasusa na watachafukwa na tumbo.

Kisha wapime. Kila Jumamosi chagua kuku 10, watie kwenye kikapu, wapime, andika. Uzito usipopanda wiki hadi wiki, usingoje. Rudi kwenye hesabu ya protini, au tuite.

Mwisho, chakula kizuri hakizuii kideri. Chanjo yake ni ya lazima kila miezi 3, na ni heri mkichanja kikundi kizima siku moja, maana chupa moja huhudumia kuku wengi na gharama inagawanyika. Kifaranga uliyemlisha vizuri wiki 8 akafa kwa kideri wiki ya 9 ni hasara mbili.

Kwa hivyo wenzangu, kabla hamjaondoka, naomba kila mmoja ajue idadi ya vifaranga wake na aizidishe kwa kilo 1.8. Hizo ndizo kilo za Chick Mash za kutafuta pesa zake kabla vifaranga hawajaanguliwa wala kuagizwa. Kama pesa zinatosha vifaranga 20, lea 20. Ishirini waliolishwa vizuri watakuletea mayai. Hamsini waliobanwa watakuletea makaburi nyuma ya nyumba.

Na vikundi vyenye mahindi yao, mkipanga siku ya kuchanganya, tujulisheni kupitia ofisi ya mifugo ya wadi. Tutakuja na mizani, tuchanganye gunia la kwanza pamoja.

 Maswali sasa.